Mwalimu Dorkas Keraryo: Miaka Ishirini na Mitano ya Kukataa Kuondoka Kiwanjani

Jumapili hii, tarehe 30 Juni 1996, Mwalimu Dorkas Keraryo, Mkurugenzi wa Michezo na kocha wa riadha wa Chuo cha Ualimu Nyarusenye, Buhare, anastaafu baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka ishirini na mitano na miezi minne. Kabla ya hapo alifundisha shule ya msingi huko Nyasura, Bunda, kwa miaka tisa. Serikali inasema ametimiza miaka hamsini na mitano na kwamba wakati wake wa kupumzika umefika. Yeye mwenyewe hajasema hivyo, na sisi tuliofanya naye kazi hatutegemei aseme.

Kamati ya sherehe imenipa mimi, Florian Masatu, mwalimu wa Kiswahili, kazi ya kuandika wasifu huu. Sina hakika kama wamechagua vizuri. Nilizaliwa rasini, kwa wavuvi, na miguu yangu imezoea kukaa ndani ya mtumbwi kuliko kukimbia. Isitoshe, kuna jambo nililomkosea Mwalimu Dorkas, na nitalieleza likifika mahali pake. Mhariri wa jarida alinishauri nilipunguze. Nimemjibu kwamba mtu huyu hakuwahi kupunguza mzunguko hata mmoja, na mimi sitapunguza ukurasa wake.

Mwalimu Dorkas alizaliwa mwaka 1941 katika kijiji cha wafugaji karibu na Butiama. Baba yake alikuwa na ng'ombe wengi na watoto wa kike wengi, na wa kiume wawili tu, ambao walikuwa bado wadogo, kwa hiyo Dorkas alikwenda machungani. Anasema alijifunza kukimbia kwa kuwafuata ndama waliotoroka. Akiwa mwanafunzi wa ualimu alishinda mbio za yadi mia nane katika mashindano ya jimbo, akiwa amevaa sketi ndefu ya shule kwa sababu matroni alikataa kabisa habari ya bukta. Mwaka uliofuata alishinda tena. Safari hii alivaa bukta, na matroni akaambiwa amwandikie barua mzazi. Mzazi hakujua kusoma.

Alifika Nyarusenye tarehe 1 Machi 1971. Aliajiriwa, kwa maneno ya barua yenyewe, "kusimamia netiboli ya wasichana na usafi wa mabweni". Wazee wa chuo wanasimulia kwamba siku ya kwanza aliuliza njia ya kukimbilia iko wapi, akaonyeshwa pori la nyasi na vichuguu nyuma ya jiko. Akavua viatu, akalipima kwa hatua, akarudi ofisini kuomba majembe arobaini. Alipewa kumi na mawili. Wanafunzi walichimba vichuguu kwa zamu kwa mihula miwili, na njia ya mita mia nne ikapimwa kwa kamba ya nyavu iliyoazimwa kwa wavuvi mwaloni. Kamba ile ilikuwa imelowa na kuvutika, hivyo kwa miaka miwili njia yetu ilizidi kipimo kwa mita sita bila mtu kujua. Wanaozicheka rekodi zetu za mwanzo wakumbuke hilo.

Mimi nilifika mwaka 1979, wakati mbaya. Vita ilikuwa imetoka kwisha, na madukani Musoma kulikuwa na rafu na muuzaji tu. Sabuni ilikuwa habari ya kusimuliana. Bwaloni tulikula ugali wa muhogo na mtama kwa visamaki vya ziwani, furu na dagaa, na siku nyingine ugali peke yake. Vyuo vingi vilisimamisha michezo, na hakuna aliyevilaumu. Mwalimu Dorkas alihamisha mazoezi kutoka jioni kwenda saa kumi na mbili asubuhi, ili mtu akimbie kabla njaa ya mchana haijamkuta, kisha akaanzisha bustani ya viazi vitamu kando ya kiwanja. Aliyetaka kula viazi alikuwa lazima akimbie. Wengi waligundua vipaji vyao kwa njia hiyo.

Yeye ni Msabato wa kweli, asiyegusa kazi tangu Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi jua linapozama. Mashindano mengi yalikuwa yanafanyika Jumamosi. Alichofanya ni kumtafuta mtu wa Jumamosi. Alinikuta nimekaa barazani nasahihisha insha, akaniwekea saa ya kupimia mbio mapajani.

"Wewe ni Mkatoliki," akasema. "Jumamosi huwaga huna kazi."

Nilimwambia sijui chochote kuhusu riadha.

"Ndiyo maana nimekuchagua. Hutabishana na saa."

Hivyo ndivyo nilivyokuwa kocha msaidizi wa siku moja kwa wiki, cheo ambacho hakimo katika muundo wowote wa utumishi.

Mwaka 1983 tulialikwa kwenye mashindano ya vyuo vya kanda, Mwanza. Tulikuwa na wakimbiaji kumi na hatukuwa na hata jozi moja ya viatu vya mbio. Mwalimu Dorkas ana ndugu upande wa pili wa mpaka, na ndugu hao walikuwa wamemwekea viatu vilivyochakaa kutoka shule moja ya huko. Tukumbuke mwaka wenyewe. Mpaka ulikuwa bado umefungwa, na nchi nzima ilikuwa katika msako wa walanguzi. Watu walikuwa wanatupa sukari ziwani ili wasikutwe nayo. Yeye alikwenda kwa miguu, akapewa jozi kumi na moja, akazitia katika gunia la udaga, yaani muhogo mkavu, akapanda lori kurudi. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani gunia lilifunguliwa. Akaletwa Musoma yeye na gunia lake, akawekwa ndani.

Habari zilitufikia kesho yake asubuhi. Mkuu wa chuo wa wakati ule alitaka kwanza kuandika barua. Wanafunzi hawakusubiri. Hyasinta Gati, msichana wa mwaka wa pili ambaye hadi siku hiyo sikuwahi kumsikia akisema sentensi mbili mfululizo, aliwapanga wenzake tisa mstari, wakakimbia pekupeku kutoka Buhare mpaka mjini. Mimi niliwafuata kwa baiskeli na sikuwakuta njiani.

Nilipofika kituo cha polisi, Mwalimu Dorkas alikuwa amesimama mbele ya meza ya ofisa wa zamu, na viatu vimepangwa sakafuni.

"Mama, jozi kumi na moja," ofisa alikuwa anasema. "Hii ni biashara."

"Biashara ya viatu vilivyotoboka? Afande, angalia soli. Nani atanunua?"

"Sasa ni vya nani?"

"Wenyewe hao wamefika. Wavae, uone."

Wakavaa mmoja mmoja. Jozi ya kwanza ikaingia, ya pili ikaingia. Yule ofisa, ambaye nadhani alianza kwa kutaka kumkomesha, alijikuta ameinama akiangalia kama kidole gumba kina nafasi. Jozi kumi ziliwaenea wakimbiaji kumi, kwa sababu kabla ya kuvuka mpaka Mwalimu alikuwa amepima unyayo wa kila mmoja kwa uzi. Ikabaki moja.

"Na hii ya kumi na moja?"

Mwalimu Dorkas akakaa kwenye benchi la washtakiwa, akavua ndala, akaingiza miguu yake, akafunga kamba.

"Kwani mimi sikimbii?"

Alikuwa na miaka arobaini na miwili. Wote pale ndani walicheka isipokuwa yeye, maana hakuwa anatania. Aliachiwa jioni ile pamoja na viatu, na gunia la udaga likarudishwa pia.

Mwanza, fainali za mita elfu moja na mia tano zilipangwa Jumamosi. Mwalimu alikwenda kanisani akaniachia kiwanja. Gati alishinda, na chuo chetu kikapata kikombe chake cha kwanza cha kanda. Nilikimbia, mimi mwenyewe, mpaka nje ya kanisa kumpa habari. Aliinua mkono kunizuia nisiseme. Nilikaa naye chini ya ukuta wa kanisa kwa muda wa saa tatu, nimebeba matokeo kama mtu aliyebeba maji kwenye viganja, yeye akisoma Zaburi. Jua lilipozama ziwani alifunga kitabu.

"Haya, sema."

"Gati wa kwanza."

"Muda?"

Nikamtajia. "Angepunguza sekunde mbili kama angeacha kuangalia nyuma," akasema, kisha akafunika uso kwa kitambaa cha kichwani, na mabega yakamtikisika kwa muda mrefu. Ndiyo mara pekee niliyomwona akilia.

Baada ya miaka hiyo nchi iligeuka. Maduka yalijaa tena, mitumba ikafika mpaka vijijini, na viatu vya mbio vikawa vinauzwa sokoni wazi bila mtu kukamatwa. Lakini kila kilichorudi dukani kilikuwa kama kimetolewa shuleni. Mwaka 1987 ilikuja barua ya kupunguza matumizi, ikifuta nafasi ya Mkurugenzi wa Michezo na kumhamishia Mwalimu Dorkas kwenye ufundishaji wa Jiografia. Akafundisha Jiografia, na kuifundisha vizuri. Saa kumi na mbili asubuhi akaendelea kuwa kiwanjani kama kawaida, na kwa miaka minane kila barua aliyoiandika aliiweka sahihi "Mkurugenzi wa Michezo". Mhasibu alimuuliza ni nani aliyempa cheo hicho. Alimjibu kwamba wao wamefuta nafasi, hawakufuta kazi. Mwaka jana nafasi iliporudishwa, aliandikiwa barua ya kumteua kuikaimu. Aliirudisha siku hiyo hiyo na maneno haya chini yake: "Sikaimu kazi yangu mwenyewe." Wiki mbili baadaye ililetwa barua nyingine isiyokuwa na neno hilo.

Sasa nifike kwenye jambo langu.

Mwaka 1993 kampuni moja ya minofu ya sangara ilikuwa inatafuta ardhi nje kidogo ya mji kwa ajili ya maghala na maegesho ya malori. Kiwanja chetu kilikuwa tambarare na karibu na barabara. Mkuu wa chuo, marehemu Mwalimu Alfonsi Luhende, alikuwa mtu mwema aliyechoka. Paa la bweni la wasichana lilikuwa limeng'oka upande mmoja, na kila alikoomba msaada aliambiwa siku hizi kila chuo kijitegemee. Kampuni iliahidi kuezeka mabweni yote iwapo tungeikodishia kiwanja kwa miaka thelathini. Ijumaa ya tarehe 24 Septemba tulikaa kikao cha wafanyakazi kupiga kura.

Mwalimu Dorkas alisimama akasema kwa kifupi. "Bweni tutaliezeka, hata kwa nyasi. Kiwanja kikishamwagiwa zege, mtakivua? Miaka thelathini ni watoto wangapi watapita hapa wanatembea tu?"

Tulipiga kura kwa kunyoosha mikono. Waliokataa walikuwa saba. Waliokubali walikuwa kumi na tisa, na mmoja wao ni mimi. Binti yangu mkubwa alikuwa anasoma hapa na alikuwa analala katika bweni lile, chini ya turubai. Nilijiambia kwamba mzazi hana chaguo. Nilikaa nikaangalia meza, lakini nilijua Mwalimu Dorkas ameuona mkono wangu, mkono uliomshikia saa kwa miaka kumi na minne.

Hakuninunia. Ningefurahi kama angeninunia. Jioni ile ile, kabla jua halijazama, aliwahamisha wasichana wa upande ulioezuliwa. Nusu aliwaweka katika stoo ya michezo, nusu nyumbani kwake. Binti yangu alilala kitandani kwake kwa wiki sita, yeye akalala kwenye mkeka.

Kura yetu haikuwa neno la mwisho. Bodi ya chuo ilipaswa kuja kuliona eneo Jumatano ya tarehe 13 Oktoba. Kwenye karatasi walizopelekewa wajumbe, kiwanja kiliitwa "eneo lisilotumika". Mwalimu Dorkas alizisoma karatasi hizo mara moja, akachukua kalamu. Kwa siku kumi na nane aliandika barua kwa kila chuo, sekondari na shule ya msingi aliyoifahamu Musoma, Bunda na Butiama, akiwaalika kwenye mashindano ya wazi ya riadha. Hakuomba kibali. Alijua kibali kingefika Novemba.

Jumanne jioni alikuja kwangu. Nilikuwa nimekaa pale pale barazani. Akaniwekea saa mapajani, kama siku ya kwanza.

"Kesho siyo Sabato," akasema. "Lakini njoo. Nina mashindano makubwa, na sitaki mtu wa kubishana na saa."

Nilimwambia, "Mwalimu, unajua nilivyopiga kura."

"Najua. Nilikuwa nakuangalia. Saa moja kamili."

Saa moja kamili nilikuwepo. Saa mbili walianza kuingia. Gati, ambaye wakati huo alikuwa mwalimu Nyasura, alikuja na watoto sitini juu ya lori la pamba, wana nyuzi nyeupe kwenye nywele. Wa Butiama walikuja kwa baiskeli, wawili wawili, na wengine walikuwa wameanza kutembea tangu jana yake. Wavuvi waliacha nyavu wakaja kuona kuna nini. Ilipofika saa nne walikuwapo wakimbiaji zaidi ya mia nne, na watazamaji ambao sikuweza kuwahesabu.

Gari la bodi lilifika saa tano. Lilisimama kwenye ukingo wa njia kwa sababu wasichana wa mita elfu tatu walikuwa wanapita, na Mwalimu Dorkas alisimama mbele ya boneti na bendera nyekundu mkononi. Wajumbe walisubiri mizunguko minne ndani ya gari. Kisha mwenyekiti, mzee Mseti, mfanyakazi mstaafu wa posta ambaye hakupenda maneno mengi, akashuka. Akaangalia. Mkuu wa chuo alikuwa pembeni yake na karatasi.

"Hili ndilo eneo lisilotumika?"

Mwalimu Luhende, Mungu amrehemu, akazikunja karatasi zake. Mwenyekiti akageuka kwangu kwa kuwa nilikuwa karibu.

"Wewe unayeshika saa. Kikao chenu kilikubali kukodisha. Wewe ulipiga kura gani?"

Nilikuwa na sekunde chache, na kwa mara ya kwanza nilielewa sekunde ni kitu gani. Mkuu wangu alikuwa ananiangalia. Mwalimu Dorkas hakuniangalia kabisa. Alikuwa anawaangalia wakimbiaji.

"Nilikubali, mzee," nikasema. "Mtoto wangu alikuwa analala kwenye bweni linalovuja. Leo naomba kura yangu ifutwe. Kama haifutiki, basi andika kwamba nilikosea."

Walimu wawili waliokuwa nyuma yangu, ambao nao walikuwa miongoni mwa wale kumi na tisa, wakasema na wao waandikwe. Bodi ilikataa ukodishaji mchana ule ule, kabla hata ya mbio za kupokezana vijiti. Kampuni ilipata ardhi mahali pengine.

Sitaki kudanganya kwamba kila kitu kilikwenda vizuri. Bweni lilivuja masika mawili zaidi, mpaka wazazi, wanafunzi na sisi walimu tulipoliezeka wenyewe. Mwalimu Dorkas alipewa barua ya onyo kwa kuandaa mkusanyiko bila kibali, na kwa ajili ya barua hiyo alinyimwa kupandishwa daraja. Anastaafu akiwa na daraja lile lile alilokuwa nalo mwaka 1984. Nilimuuliza mwezi uliopita kama inamuuma.

"Inauma," akasema. "Lakini kama ingekuwa leo, ningefanya vile vile, na ningealika na Tarime."

Mwezi Mei kulikuwa na maneno kwamba akiondoka nafasi yake iunganishwe na ya mtunza stoo. Mwalimu alikwenda ofisini kwa Mkuu wa sasa akamweleza kwamba funguo zote anazo yeye, na kwamba atamkabidhi mwalimu wa riadha aliyeajiriwa kwa jina hilo, si mtu mwingine. Funguo zilibaki kwenye mfuko wa gauni lake kwa siku ishirini na tatu. Leo tunatangaza kwa furaha kwamba Mkurugenzi mpya wa Michezo ni Mwalimu Hyasinta Gati, atakayeanza kazi kesho. Mazoezi ni saa kumi na mbili asubuhi, na nimeambiwa kuchelewa hakutavumiliwa, hata kwa walimu wa Kiswahili.

Mwalimu Dorkas, kwa niaba ya wafanyakazi na wanafunzi wote, wa sasa na waliopita, asante. Asante kwa njia uliyoichimba katika pori, kwa viazi, kwa mkeka uliolalia ili binti wa mwenzako alale kitandani. Asante kwa kutuonyesha, sisi watu wa kunyoosha mikono haraka, kwamba mtu anaweza kusema hapana kisha akabaki pale pale akifanya kazi.

Kamati ilikuwa imepanga kumalizia ukurasa huu kwa kukutakia mapumziko mema. Rasimu ulipoletewa uisome, uliikata sentensi hiyo kwa kalamu nyekundu, na tukasikia kutoka Butiama kwamba tayari umeshawaomba wanakijiji ardhi tambarare na majembe arobaini. Tunatumaini safari hii watakupa yote. Nenda salama, Mwalimu, na kazi njema.